Shajara ya mradi: waridi la Shangazi lililopoteza jina

Siku ya 1

Shangazi ana mwaridi ambao jina lake hakuna anayelijua. Aliachiwa na mama yake, na mama yake alipewa kijiti na jirani, akakichomeka ardhini kikashika. Zaidi ya hapo ni giza. Nimemwomba ruhusa ya kuutafutia asili, na kila hatua nitaiandika humu, zikiwemo zitakazonipeleka kusiko.

Nilichonacho ni hiki. Kichaka chembamba, kirefu kunizidi kwa kiganja, matawi yamesimama wima. Miiba ni michache. Maua ya duara, yenye kina, petali zimejikunja kwa ndani kama makombe yaliyopangwa moja ndani ya jingine. Rangi ni ya maziwa yaliyodondoshewa wekundu. Harufu yake nzito, inakaribia ya matunda yaliyoiva. Huchanua, hupumzika majuma kadhaa, huchanua tena.

Kuna na kadi. Ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, pembe zake zimelika, na kwa wino uliofifia imeandikwa neno moja: Malmaison.

"Shangazi, nani aliandika hii?"

"Mwanangu, mimi niliikuta humohumo. Kopo lilikuwa la mama."

Wanaotafuta mawaridi yaliyopotea wana utaratibu ninaoupenda. Ua lisilotambulika hupewa jina la muda, likaandikwa ndani ya alama mbili za kunukuu, ili asitokee mtu akadhani limekwisha thibitishwa. Hili nimeliita "Kombe la Shangazi".

Siku ya 3

Malmaison ni kasri karibu na Paris. Joséphine, mke wa kwanza wa Napoleon, aliishi hapo hadi alipofariki 1814, na bustani yake ya mawaridi ilipata sifa Ulaya nzima. Miaka karibu 30 baada ya kifo chake, mwaka 1843, mzalishaji wa Lyon aitwaye Jean Béluze alitoa waridi lenye rangi hafifu, harufu nzuri na tabia ya kuchanua tena na tena. Liliitwa 'Souvenir de la Malmaison', yaani kumbukumbu ya Malmaison. Lilienea sana, na mpaka leo lipo.

Rangi hafifu, harufu, kuchanua tena, na kadi mkononi. Nimelala nikijua kazi imekwisha.

Siku ya 4

Haijakwisha. Asubuhi nimechukua rula nikaenda kwenye kichaka, jambo ambalo lilipaswa kutangulia kadi.

Ua la 'Souvenir de la Malmaison' likikomaa hulala bapa kama sahani, linaweza kufikia upana wa sentimita 12, na petali za katikati hugawanyika mafungu manne. La Shangazi halilali. Linabaki kikombe mpaka siku petali zinapopukutika, na kubwa kuliko yote niliyopima lina sentimita 7. Kimo cha kichaka hakinisaidii kukataa, maana tangu 1893 lipo umbo la 'Souvenir de la Malmaison' linalotambaa ukutani. Umbo la ua ndilo linalokataa.

Halafu kuna mvua. 'Souvenir de la Malmaison' lina udhaifu ambao kila aliyelipanda anaujua: likinyeshewa mfululizo, petali za nje hugandamana, tumba likaoza bila kufunguka. Kwetu imenyesha siku tatu na matumba yote yamefunguka. Yametoka na madoa madogo ya waridi, kama mtu aliyarushia wino kwa brashi, lakini yamefunguka.

Kwa hiyo kadi imekosea, au inazungumzia mwaridi mwingine uliokufa zamani. Kuanzia leo nauliza mmea kwanza, karatasi baadaye.

Siku ya 11

Nimechimba kwa mikono kuzunguka shina, taratibu, nikiondoa udongo kwa kijiko. Mwaridi uliobebeshwa huwa na nundu pale aina mbili zilipoungwa: juu aina inayotakiwa, chini aina ngumu inayotoa mizizi. Hapa hakuna nundu. Matawi yanashuka moja kwa moja hadi kwenye mizizi yake yenyewe.

Hili lina uzito wa aina mbili. Kwanza, linaunga mkono hadithi ya kijiti cha jirani. Pili, linaondoa hofu kubwa kuliko zote katika kazi hii. Mara nyingi mwaridi wa kubebeshwa ukitelekezwa, sehemu ya juu hufa na shina la chini huota na kuchanua, kisha watu wakaja kulistaajabia ua la shina wakidhani wamepata hazina. Watafutaji wengi wameishia kwenye 'Dr. Huey', waridi jekundu la kukoza lililozalishwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, ambalo lilitumika sana kama shina la kubebeshea.

Nimerudisha udongo na kumwagilia. Shangazi alisimama mlangoni muda wote huo akihesabu mizizi niliyoigusa.

Siku ya 20

Siku tisa za kusoma, na nimefika mahali penye utamu.

Tabia za "Kombe la Shangazi" zinaangukia ukoo mmoja: mawaridi ya Bourbon. Yana majani mapana kuliko ya mawaridi ya China, harufu ya damaski (waridi la kale lenye harufu kali), na uwezo wa kuchanua zaidi ya mara moja. Ukoo huo ulianzia Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Réunion, ambacho mwanzoni mwa karne ya 19 kiliitwa Bourbon. Wenye mashamba wa huko walizungushia viwanja vyao nyuzio za miwaridi ya aina mbili. Moja ni damaski ambayo Wafaransa waliiita 'Quatre Saisons', misimu minne, kwa sababu hurudia kuchanua. Nyingine ni waridi la China lililofika Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, likajulikana kama 'Parsons' Pink China'. Leo tunaliita 'Old Blush'.

Aina hizo mbili zilikaa bega kwa bega kwenye nyuzio, nyuki wakafanya kazi yao. Masimulizi ya watunza bustani wa wakati ule yanamtaja mwenye shamba wa Saint-Benoît, Edouard Perichon, kuwa aliona mche usiofanana na wenzake. Mwaka 1817 mtaalamu wa mimea Bréon alifika kisiwani kusimamia bustani ya serikali ya kifalme. Mwaka 1819 alipeleka mbegu Ufaransa kwa Antoine Jacques, mtunza bustani wa Louis-Philippe huko Neuilly, yule aliyekuja kuwa mfalme 1830. Jacques akaziotesha, na mchoraji Redouté akalichora ua lililotokea. Kutoka hapo Wafaransa wakazalisha Bourbon kwa mamia.

Nimekaa na habari hii muda mrefu. Damaski ina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, 28; 'Old Blush' ina 14. Kwa hesabu ya darasani ndoa ya idadi zisizolingana namna hiyo ingezaa tasa. Ilizaa ukoo.

Kutoka upande wa China ulikuja urithi mkubwa: kuchanua bila kukoma. Mwaka 2012 watafiti walionyesha chanzo chake. Mwaridi una jeni iitwayo KSN, ambayo kazi yake ni kuuzuia usichanue. Katika mawaridi ya kuchanua daima, kipande cha vinasaba kimejibanza ndani ya jeni hiyo na kuiharibu. Kizuizi kikiondoka, maua hayasubiri msimu.

Upande huohuo ulileta jambo jingine dogo, na hilo ndilo nitakalolitumia. Mawaridi ya kale ya Ulaya hupauka juani. Ya China hukolea.

Siku ya 33

Nimefunika matumba matatu kwa mifuko ya karatasi ya kahawia na kuacha mengine matatu wazi, yote kwenye tawi moja, yote yakiwa yameanza kuonyesha rangi.

Siku ya 38

Nimeondoa mifuko. Maua yaliyofunguka gizani ni meupe ya malai, na ukiyachungulia ndani kabisa ndipo unaona joto la rangi. Yaliyoachwa wazi yana pande mbili. Upande uliotazama jua umeiva rangi ya waridi, na wekundu umekusanyika kwenye kingo za petali kama mstari wa penseli. Upande wa nyuma umebaki malai. Ua moja lilikuwa na jani lililolikinga, na kivuli cha jani hilo kimeachwa juu ya petali, chenye meno yake yote pembezoni, cheupe.

Nimemwita Shangazi aje aone. Amelishika ua kwa vidole viwili akaligeuza, akaligeuza tena. "Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nadhani yanazaliwa tofauti."

Siku ya 52

Waliobaki kwenye orodha ni wanne.

'Louise Odier', lililotolewa na Margottin 1851, limeondoka mapema. Ua lake hufunguka zaidi, mpangilio wa petali unafanana na kamelia, na rangi yake ni waridi thabiti. 'Boule de Neige' la Lacharme, 1867, ni jeupe halisi, na petali zake za nje hujikunja kurudi nyuma mpaka ua linakuwa mpira.

'La Reine Victoria' limenisimamisha. Lilitolewa na Joseph Schwartz wa Lyon mwaka 1872, likapewa jina la malkia wa Uingereza. Kila sentensi ya maelezo yake inaelezea kichaka cha Shangazi: chembamba, cha kwenda juu, ua la duara lenye kina, petali kama makombe. Kila sentensi isipokuwa ya rangi. 'La Reine Victoria' ni waridi iliyokolea yenye kuelekea zambarau, na hakuna kivuli kitakacholifanya malai.

Na wa nne ndiye mtoto wake, kama neno mtoto linafaa. Katika bustani ya Oger, huko Caen, tawi moja la 'La Reine Victoria' lilitoa maua hafifu. Halikutokana na mbegu. Mmea uleule, mizizi ileile, tawi moja tu likabadilika. Mawaridi hufanya hivyo mara kwa mara: seli moja kwenye ncha inayokua hubadilika, na kila kitakachochipuka kutokana nayo hufuata badiliko hilo. Tawi likakatwa, likazidishwa, na mwaka 1878 muuza mawaridi Verdier akaliingiza sokoni kwa jina 'Mme Pierre Oger'. Kwa kawaida ya Wafaransa wa enzi hiyo, ni jina la mke kupitia jina la mume. La kwake mwenyewe halimo, na linanisikitisha kila ninapoliandika.

Waandishi wa mawaridi wanakubaliana kuhusu ua hili: kikombe cha petali laini kama kombe, rangi ya malai, hukolea juani, hutoka madoa likinyeshewa.

Nimeandika daftarini "huenda" na kupigia mstari mara mbili.

Siku ya 60

Nimeuliza kuhusu kipimo cha vinasaba. Nilitegemea kitamaliza ubishi. Jibu ni kwamba kipimo cha kawaida hulinganisha vipande vichache vya alama, na tawi lililogeuka hubeba alama zilezile za mmea lilikotoka. 'La Reine Victoria' na 'Mme Pierre Oger' zingetoka sawasawa. Tena kipimo kinahitaji sampuli ya kulinganishia iliyo na jina sahihi, na sampuli yenyewe inaweza kuwa na lebo ya uongo. Hapo macho bado yana kazi.

Siku ya 71

Nimeagiza mche wa 'La Reine Victoria' kutoka kitalu kimoja ili nilinganishe. Umefika, nimepanda.

Siku ya 118

Mche ule umechanua. Maua madogo meupe, petali tano, kwenye vishada. Ni shina la kubebeshea. Sehemu ya juu ilikuwa imekufa kabla hata ya kufungwa kwenye karatasi. Nimewaandikia, wamejibu kwamba lebo yao ni sahihi. Siku 47 zimepotea. Sasa naandikia watunzaji wa mikusanyo ya mawaridi ya kale badala ya wauzaji. Mikusanyo hiyo ipo: bustani aliyoianzisha Jules Gravereaux huko L'Haÿ, karibu na Paris, mwaka 1894, na ile ya Sangerhausen, Ujerumani, iliyofunguliwa 1903 na sasa ina aina zaidi ya 8,000. Ipo na midogo ya watu binafsi, ambao mara nyingi hujibu haraka zaidi.

Siku ya 140

Mtunzaji mmoja amekubali kunitumia vijiti vya 'La Reine Victoria' atakapopogolea. Hadi hapo nasubiri.

Siku ya 203

Nimefika kwa Shangazi kuchukua vipimo vya kawaida. Nyuma ya kichaka, upande usioonekana kutoka mlangoni, tawi moja jipya limechipuka kutoka katikati ya tawi la zamani. Lina matumba manne. Moja limefunguka.

Ni waridi iliyokolea.

Nilidhani ni jua. Nikafuata tawi kwa kidole kutoka kwenye ua kushuka chini, jicho baada ya jicho, mpaka linapoungana na tawi la zamani ambalo ncha yake ina ua la malai. Mmea mmoja, hatua mbili tu kati ya ua na ua. Nimefunika tumba la pili kwa mfuko wa karatasi.

Siku ya 207

Lililofunikwa limefunguka. Limekolea vilevile, na ndani yake kuna zambarau. Hii rangi haikuletwa na jua.

Maelezo yapo. Rangi ya petali hukaa hasa katika tabaka la juu la seli. Badiliko likiwa limeshika tabaka moja tu, chini yake kuna seli zinazoikumbuka rangi ya zamani, na zikipata mwanya wa kupanda juu wakati chipukizi linaumbika, tawi zima hurudi kwenye asili. 'Mme Pierre Oger' likirudi nyuma, linarudi kuwa 'La Reine Victoria'.

Nikampigia Shangazi simu jioni kumweleza, nikitegemea mshangao.

"Ah, hayo mekundu," akasema. "Mama alikuwa akiyakata."

"Alikuwa akiyakata lini?"

"Kila yakitokea. Akisema mti unataka kuharibika. Mimi pia nimekata, mara mbili au tatu hivi tangu afariki. Kwani ni vibaya?"

Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Tawi lililorudi nyuma kwa kawaida lina nguvu kuliko lile hafifu. Likiachwa huchukua kichaka chote. Kama wanawake wawili hawa wasingekuwa na mkasi na macho makali, "Kombe la Shangazi" lingekuwa limemezwa kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa natafuta historia ya ua hili kwenye majarida ya karne ya 19, na sehemu yake ya karibu ilikuwa mkononi mwa mtu niliyekuwa nikimsalimia kila nikifika.

Nimemwomba asilikate hili la sasa. Ameuliza mpaka lini. Nimemwambia mpaka nioteshe vijiti vyake.

Siku ya 212

Nimekata vijiti sita vya tawi lililokolea na sita vya malai, unene wa penseli, urefu wa sentimita 18 hivi, ua likiwa limetoka kupukutika. Kila kimoja nimekiachia jani moja juu. Mchanga na mboji nusu kwa nusu, chupa ya plastiki iliyokatwa kitako juu yake.

Siku ya 226

Vijiti tisa vimekufa. Vimeoza kutoka chini, weusi unapanda. Nilimwagilia kupita kiasi, na mchanga ulikuwa mchache. Wa malai wamebaki watatu, wa kukolea hakuna hata mmoja. Bahati tawi bado lipo.

Siku ya 228

Nimerudia. Mchanga robo tatu, maji kidogo, kivuli cha asubuhi tu. Safari hii kila kijiti kimekatwa na kisigino, yaani na kipande cha gome la tawi mama. Shangazi mwenyewe ndiye aliyekata, na mikato yake ni safi kuliko yangu.

Siku ya 236

Vijiti vya mtunzaji wa mkusanyo vimefika ndani ya gazeti lenye unyevu, vizima. Nimevibebesha juu ya lile shina la kitalu lililonichanulia vishada vyeupe. Limepata kazi.

Siku ya 281

Vijiti vya kukolea vilivyoshika: vinne. Mizizi inaonekana kwenye ukuta wa chupa, myeupe, minene kama uzi wa kushonea viatu.

Siku ya 378

Leo ndiyo siku niliyoingojea. 'La Reine Victoria' kutoka kwenye mkusanyo limechanua, na tawi la Shangazi lina ua la umri uleule. Nimeyaweka mezani juu ya karatasi nyeupe, dirisha likiwa upande wa kaskazini ili mwanga usiyadanganye.

Nimeanza na vikonyo: vyembamba vyote, na vinywele vya utomvu vilevile. Sepali, vijani vinavyofunika tumba, tano kwa tano, mbili zina ndevu pande zote mbili, moja upande mmoja, mbili hazina. Hili halithibitishi kitu, maana mawaridi yote huwa hivyo, ila nimeliangalia kwa kuwa napenda kuliangalia. Kikalio cha ua kina umbo moja. Nimezing'oa petali moja moja na kuzipanga safu kutoka kubwa hadi ndogo, safu mbili sambamba. Baada ya safu ya tatu nilisahau ipi ni ya ua lipi, na ilinibidi nihesabu kutoka mwanzo.

Nimechukua ua la tatu, la malai, nikalifanya vivyo hivyo. Petali zina umbo lile, mkunjo ule, pahala pale pa unyayo. Rangi pekee ndiyo imeondoka.

Nimeandika daftarini: "Kombe la Shangazi" ni 'Mme Pierre Oger'. "Huenda" nimeifuta.

Siku ya 380

Kichaka hiki hakijazaliwa na mbegu tangu 1872. Kijiti, kijiti, kijiti, kutoka mkono hadi mkono, na kila kijiti ni mwili uleule wa mmea wa Schwartz, ukiwa na badiliko moja lililotokea Caen. Mahali fulani njiani lebo ilidondoka na mtu akaandika Malmaison, labda kwa kuwa ndilo waridi hafifu la kale alilowahi kulisikia.

Leo Shangazi amelikata tawi lililokolea. Amelikata kwa mkasi wa mama yake, karibu kabisa na tawi la zamani, bila kuacha kisiki.

Lebo nimeziandika kwa penseli juu ya vipande vya bati, maana wino hufutika juani. Kila moja ina jina la aina, mwaka wake, jina la muda tulilolitumia, mkono uliokata kijiti na tarehe. Miche ya malai ni mitatu: mmoja unabaki kwangu, mmoja unakwenda kwa mtunzaji wa mkusanyo, mmoja kwa binti wa Shangazi, ambaye ameshaelekezwa kukata mekundu. Ya kukolea ni minne, nayo imewekwa mbali na ya malai ili nisije nikachanganya sufuria.

Kadi nimeirudisha kwenye kopo la vifungo. Nyuma yake nimeongeza mstari mmoja kueleza kwa nini si Malmaison, na Shangazi akaniambia niandike kwa herufi kubwa.